Mwamba wa Kunigunda na Kifungu cha Tisa

Kila asubuhi, mitumbwi ilipofika Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa, ilimkuta Kunigunda ameshaosha mwamba wake. Aliusugua kwa maji ya ziwa, kisha akaanika usipa. Samaki hao wadogo walikauka upesi juu ya jiwe lenye joto. Mwamba ukijaa, waliobaki aliwaanika mchangani. Kazi hiyo ndiyo iliyowasomesha watoto wake watatu.

Siku moja shemeji yake, Pankras, alikuja mbio na simu mkononi. Pankras alipenda sana habari, hasa zile mbaya.

"Shemeji, kazi yako imekwisha! Bunge limepiga marufuku kuanika samaki popote, ila juu ya kichanja. Ukikamatwa, faini au jela!"

"Miti ya kujengea kichanja nitaitoa wapi?"

"Mimi nimeleta habari tu. Miti sina."

Kunigunda aliogopa. Siku hiyo hakuanika. Usipa wa ndoo mbili walioza, akawafukia huku machozi yakimtoka.

Kesho yake alikwenda ofisi ya kata. Mtendaji wa kata, Scholastica, alikuwa binti wa umri wa mdogo wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtendaji. Nimekuja kuomba muda. Sheria ya vichanja imenikuta sina mti hata mmoja."

"Sheria? Huo bado ni muswada, mama."

"Muswada ndiyo nini?"

"Ni mapendekezo ya sheria. Serikali imeyaandika na kuyatangaza katika Gazeti la Serikali. Bungeni umesomwa mara ya kwanza tu, na siku hiyo wabunge hawajadili. Sasa uko kwenye kamati. Kamati inauchambua na kupokea maoni ya wataalamu, ya wafanyabiashara, na yako."

Kunigunda alicheka kidogo. "Yangu mimi, mwanika usipa?"

"Wewe ndiye unayeujua mwamba. Aliyeandika kifungu cha tisa, hiki cha vichanja, huenda hajawahi kuuona. Lakini maoni yanafungwa keshokutwa."

"Baada ya hapo?"

"Muswada utasomwa mara ya pili. Waziri ataueleza, kamati itatoa taarifa yake, wabunge watajadili. Kisha Bunge zima litakaa kama kamati na kupitia kifungu kimoja kimoja. Hapo ndipo kifungu hurekebishwa. Ukisomwa mara ya tatu na kupita, unapelekwa kwa Rais. Akitia saini, ndipo unakuwa sheria. Halafu inatangazwa siku ya kuanza kutumika."

Kunigunda alivuta kiti. "Nipe kalamu."

Aliandika kwamba mwamba huoshwa kila siku, na samaki hukauka bila uchafu. Alipofika kwenye mchanga, kalamu ilisimama.

"Mchangani nako unaanika?" Scholastica aliuliza.

"Mwamba ukijaa."

"Wanunuzi wanasemaje?"

Kunigunda aliona haya. "Wanalalamika. Wanatafuna mchanga."

"Basi hilo usilitetee."

Kunigunda akaandika kwamba waanika usipa wako tayari kuacha kuanika mchangani. Jioni alizunguka ufukweni, akapata sahihi za wanawake ishirini na watatu. Scholastica aliituma barua kwa kamati, na nakala kwa mbunge wao.

Miezi ikapita. Kunigunda aliendelea kuanika, lakini kila mgeni aliyeshuka ufukweni alimtia wasiwasi. Mwishowe mjadala ukasikika redioni. Mwenyekiti wa kamati alitaja barua ya waanika usipa wa Ziwa Nyasa. Bunge lilipofika kifungu cha tisa, likakirekebisha: kichanja, au mwamba uliooshwa. Kunigunda alishika kifua kwa furaha.

Pankras aliruka. "Imekuwa sheria!"

"Tulia, shemeji. Bado kusomwa mara ya tatu. Na Rais hajatia saini."

Muswada ulisomwa mara ya tatu, ukapita. Rais akatia saini. Siku ya kuanza kutumika ilipotangazwa, Scholastica alibandika tangazo lake kwenye ubao wa kata.

Asubuhi ya siku hiyo usipa walikuwa wengi. Mwamba ulijaa mapema. Kunigunda alikuwa ameshajenga kichanja kidogo kwa mianzi, polepole, bila hofu ya kukamatwa. Pankras, aliyekuja kusaidia, alibeba ndoo moja na kuimwaga mchangani kama zamani.

"Shemeji!" Kunigunda aliita. "Waokote."

"Wote hawa?"

"Wote. Ile uliyoniletea mbio na simu ilikuwa muswada. Hii sasa ndiyo sheria."

Pankras akainama, akaanza kuokota usipa mmoja mmoja.