Magunia Dirishani

"Mtambo ule nikiukemea mara moja tu, unanyamaza." Ndivyo nilivyowaambia wanakwaya wote Jumamosi moja ya 2017, nikiwa na umri wa miaka kumi na mitatu na mdomo wa mtu wa arobaini.

Upande wetu wa Diepsloot, mtaa wa mabanda pembezoni mwa jiji, nyaya za umeme zilikuwa bado hazijafika. Mtambo wa dizeli uliotunzwa na baba yangu, Théodore, ndio uliowasha taa zetu, friji za spaza, vile viduka vya mtaani, na kinanda cha kanisa. Banda lake liliegemea ukuta wa mabati wa kanisa uliojaa matundu, na ngurumo yake ilimeza nyimbo zetu.

"Murielle," alilalamika Mama Jeanne, mwalimu wa kwaya, "kesho tuna wageni kutoka Yeoville, na hata kinanda sikisikii!"

"Sharp, Mama. Niachie mimi."

Baba alikuwa amekwenda kununua dizeli. Nikazunguka nyuma ya banda, nikaziba kwa magunia dirisha la juu lililotoa moshi. Ngurumo ikafifia.

"Umefanyaje?" wakaniuliza niliporudi.

"Nimekaza skrubu moja tu," nikajibu, nikiwapungia mkono kama waziri.

Mvua ikaanza, tukafunga mlango na madirisha. Tuliimba vizuri ajabu. Kisha Masika, rafiki yangu, akashika kichwa.

"Kinaniuma."

"Ni ile noti uliyoikosa," nikamtania. Wenzetu wakacheka, lakini kicheko chao kilikuwa kizito, kama cha watu wenye usingizi.

Mdogo wangu Benita, wa miaka saba, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, akayumba, akaanguka.

"Haleluya! Roho amemshukia mtoto!" Mama Jeanne akapaza sauti. Mikono ikainuliwa. Masika naye akaenda chini, na haleluya zikazidi.

Nikapiga magoti kando ya Benita, nikamtikisa. Mkono wake ukaanguka kama kitambaa kilicholowa. Hapo ndipo nikanusa dizeli.

"Si Roho! Ni moshi! Fungueni!"

Tuliwaburuta wote wawili hadi nje, mvuani. Masika akafumbua macho. Baba, aliyekuwa akirudi na madumu, aliyatupa, akakimbia kuzima mtambo. Matone yalimpiga Benita usoni, naye hakutikisa hata kope. Hakuna aliyeimba tena. Mwishowe akakohoa, akatapika, akalia. Sijawahi kukipenda kilio chake namna ile.

Baba akatoka nyuma ya banda na magunia mkononi.

"Sikilizeni, wanangu. Moshi wa injini lazima upate njia ya nje. Ukikosa, humlaza mtu polepole, naye hajui, na huenda asiamke. Usichezee kitu usichokielewa, hata kama unataka kusifiwa. Sasa twende kliniki. Lakini kwanza, nani aliweka haya?"

"Eish, Papa," nikasema, "mimi nilikaza skrubu tu. Hao watakuwa wahuni wa mtaani."

Benita akainua kichwa kutoka mapajani mwa Mama Jeanne.

"Ni yaya Murielle," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Mimi nilimshikia kiti akipanda."