Mluzi wa Chumba cha Sayansi

Ule mwaka wa njaa, wa unga wa njano wa msaada, jioni moja, Syombua alikuwa akisonga ugali nyumbani kwake katika mtaa wa Mowlem. Mumewe Nzomo, dereva wa lori, alikuwa akipiga rangi viatu huku akipiga mluzi. Binti yao Nthambi, wa kidato cha pili, alikuwa akipanga sahani.

Sahani zikamponyoka.

"Baba, tafadhali usipige mluzi," akasema.

Nzomo akacheka. "Kumbe mdomo wangu nao sasa unahitaji kibali?"

Nthambi hakucheka. Alikwenda mferejini akanawa mikono. Akanawa tena. Akanawa tena, kana kwamba kuna kitu kisichotoka. Syombua alimtazama, akaacha kusonga ugali.

Mtaa mzima ulijua habari za shule ya Nthambi. Watoto walisema stoo ya chumba cha sayansi ina pepo. Msichana akibaki nyuma baada ya kengele, husikia mluzi mgongoni, polepole, wimbo wa kanisani. Kesho yake haongei na mtu. Wasichana wawili walikuwa wameshaacha shule.

Syombua alifanya alichokijua. Aliwaita akina mama wa kanisa. Wakamwekea Nthambi mikono kichwani, wakalikemea pepo. Mtoto alikaa kimya katikati yao, macho yake kwenye mlango, kama mtu anayeogopa utafungwa.

Siku ya pili jirani yao Asenath alikuja kuomba moto wa jiko. Asenath alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Syombua akamweleza yote.

"Mama Nthambi, pepo hilo huwapata wavulana?"

"Sijasikia."

"Na Jumamosi, watu wakienda kufagia shule?"

"Hapana. Ni siku za sayansi tu."

"Basi ni pepo linalofuata ratiba. Mimi sijaliona la namna hiyo." Asenath akaweka makaa chini. "Tukae naye. Lakini usimkatize wala usimfokee, hata ukisikia neno la kukuumiza."

Wakakaa watatu wakichambua ndengu. Asenath hakuwa na haraka.

"Nthambi, sikulazimishi kusema," akasema. "Na siwezi kukuahidi kwamba nitalificha, maana tukijua lazima tukulinde. Ila sitakulaumu kwa lolote."

Ndengu zilidondoka moja moja kwenye ungo. Kisha Nthambi akasema, "Si pepo. Ni mwalimu wa sayansi."

Hakuna aliyemkatiza.

"Anakuchagua ubaki kuosha chupa. Anafunga mlango wa stoo kwa ndani. Ukisikia mluzi, ujue yuko nyuma yako. Ananishika mahali pasipofaa. Aliniambia nikisema, watu watasema nimepandwa na pepo, na mwenye pepo haaminiwi. Mama, mliponiombea, nikaona alisema kweli."

Syombua alitaka kulia, akajizuia. "Nakuamini, mwanangu," akasema. "Kosa si lako."

"Kesho asubuhi tunakwenda kwa mwalimu mkuu," Asenath akasema. "Kisha polisi na hospitali. Hata mwalimu mkuu asipotusikiliza, polisi tutakwenda. Kabla ya hapo, msimwambie mtu. Mkosaji akipata habari mapema, hujitengenezea njia."

Nzomo aliporudi, akaambiwa. Lakini hakuweza kulala na neno lile kifuani. Kwao Ukambani neno zito hupelekwa kwanza kwa mzee. Akaenda kwa Mzee Kimeu, mtu wa kwao. Kumbe Kimeu na yule mwalimu walifahamiana, naye akampelekea habari usiku ule ule.

Kulipopambazuka, Syombua alifungua mlango akamkuta mbuzi mweupe amefungwa kwenye komeo. Mbuzi hakulia. Alikuwa akitazama ndani ya nyumba. Ukungu ulikuwa umefunika ua. Na nyuma ya ua, polepole, ukasikika mluzi. Wimbo wa kanisani. Ukaenda ukififia.

Ndani, Nthambi alijifunika blanketi hadi kichwani.

Mzee Kimeu akatokea katika ukungu. "Nzomo, mpe mbuzi maji. Akinywa maji yenu, neno limezikwa. Mwalimu amejishusha kwa kukuletea mbuzi huyu. Ukienda polisi, binti yako ataolewa na nani?"

Nzomo akachukua karai la maji. Mbuzi akanyoosha shingo.

Syombua akalishika karai. "Baba Nthambi, huyu akinywa, kesho mluzi utakuwa mgongoni mwa mtoto wa nani?"

Nzomo akamwaga maji chini.

"Mzee," akasema, "nilikosea kuja kwako. Mbuzi huyu tutamrudisha wenyewe."

Nthambi wakamwacha kwa dada wa Asenath, ili asikutane na yule mtu. Syombua, Nzomo na Asenath wakaenda shuleni na yule mbuzi. Mwalimu mkuu, Bi. Wacera, alishangaa kuona mbuzi ofisini, lakini alisikiliza hadi mwisho.

Mara mluzi ukasikika ukija kutoka nje. Ukakaribia. Mlango ukafunguliwa. Mwalimu wa sayansi akaingia, akamwona mbuzi. Mluzi ukakatika.

"Unamjua mbuzi huyu?" Bi. Wacera akauliza.

Mwalimu akarudi nyuma hatua moja. Bi. Wacera akanyoosha mkono, akamnyang'anya funguo za stoo.

"Darasani hurudi," akasema. "Wala sitaomba uhamishwe, ukawatese wa kwingine. Polisi nawaita sasa hivi."

Nthambi alipelekwa hospitali. Alieleza habari zake kwa polisi, mama yake akiwa kando yake. Wale wasichana wawili nao wakasema, kisha wakarudi shule. Mlango wa stoo uling'olewa. Hakuna mwanafunzi aliyebakizwa tena peke yake na mwalimu chumbani, na mwalimu mmoja wa kike akateuliwa wa kusikiliza shida za watoto. Mzee Kimeu alikaa muda mrefu bila kuja kunywa chai kwao.

Jioni moja Syombua alikuwa akianua nguo. Akasikia mluzi ndani ya nyumba. Akazitupa nguo, akakimbilia mlangoni.

Nthambi alikuwa amechutama mbele ya jiko, akipepea makaa, akipiga mluzi. Haukuwa wimbo wa kanisani. Ulikuwa wa kwake mwenyewe.

Kwao msichana hukatazwa kupiga mluzi. Syombua alisimama akasikiliza, kisha akarudi kuokota nguo zake.