Sikio la Kushoto la Dada Mrunal

Kwaa! Komeo la sanduku la bati liligonga gizani, halafu kimya. Ketaki alifumbua jicho moja chini ya shuka. Ndani ya sanduku lile Mama alihifadhi sari zake za harusi, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Lakini aliyepiga magoti pale alikuwa dada yake mkubwa, Mrunal. Alipekua hadi chini kabisa, akatoa karatasi, akaificha kifuani. Kisha akalifunga tena, kwaa!

"Mwizi gani huyu apigaye kelele hivi?" Ketaki alijiuliza.

Asubuhi walikula poha, ule mchele uliopondwa, na kunywa chai. Juma lile chuo cha mjini kilikuwa kimebandika majina ya waliopata nafasi za uzamili. Mrunal, aliyeipenda kemia kuliko usingizi, alikuwa amekosa kwa alama chache. Tangu hapo alikuwa akiteta na Baba, na Ketaki akiingia tu, wote wanameza maneno.

Shuleni, rafiki yake Prajakta alimngoja langoni.

"We Ketaki! Eti dada yako anadai nafasi iliyotengewa walemavu? Kaka yangu kamwona ofisi ya chuo akiulizia. Amekuwa kiziwi lini, jana au juzi?"

"Mwongo wewe!"

"Haya, mimi mwongo. Nyuma ya stendi vyeti vinapikwa kama jalebi, motomoto. Muulize chake kakipata kwa nani!"

Ketaki alikumbuka karatasi ya usiku. Je, kama kweli Dada anamnyang'anya kiziwi wa kweli kiti chake?

Jioni alimkuta Mrunal jikoni akipiga bhakri, mikate ya mtama, viganjani. Akamnyemelea upande wa kushoto, akanong'ona, "Dada, kuna jalebi mezani." Mrunal hakugeuka. "Anajifanya," aliwaza Ketaki. "Amejua namchunguza."

Upande uleule wa kushoto, maziwa yalianza kupanda sufuriani. Yakafika ukingoni. Yakamwagika motoni, shaaa! Mrunal aliendelea kupiga bhakri yake, mpaka harufu ya kuungua ilipomfikia ndipo akaruka.

"Yoo, maziwa ya Baba! Nawe umesimama tu?"

Ketaki alichukua kitambaa kufuta jiko. Katika nyumba ile hakuna ambaye angeacha maziwa yamwagike kwa kujifanya. Mara akakumbuka mengine: kwamba barabarani Mrunal humweka yeye daima mkono wake wa kulia, na kwamba wageni wa posa wakija kumtazama, Mama hujibana kushoto kwake na kuyarudia maswali yao kwa sauti, kana kwamba anatania.

Akamwendea Mama. "Mama, Dada hasikii vizuri?"

"Shii! Majirani!" Mama aliufunga mlango, kisha akaketi sakafuni kama aliyetua mzigo. "Aliugua matubwitubwi utotoni. Hospitali ikampa cheti, nami nikakificha chini ya sari. Nani angemposa? Hata alipojaza maombi ya chuo, nilimwapisha asiseme."

Ketaki akamweleza ya shuleni na ya karatasi ya usiku. Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya chuo kupokea madai. Mama, Mrunal na Ketaki walikwenda wote watatu. Bi. Sabnis, msimamizi wa udahili, aliwatazama juu ya miwani.

"Tangu majina yatoke nimepokea viziwi wanne, na kiwete mmoja aliyepanda ngazi zangu mbio. Nyie mna lipi?"

Mrunal alimpa cheti. Bi. Sabnis alikigeuzageuza, akakiinua kwenye mwanga.

"Kinaonekana cha zamani. Basi mbona hukudai mapema? Binti, mimi siamini karatasi iliyochelewa."

Mrunal alimtazama Mama. Mama alitazama sakafu. Ketaki akaushika upindo wa sari ya Mama, akauvuta taratibu.

"Nilificha mimi, Madam," Mama alisema hatimaye. "Niliogopa wachumba watakimbia. Mwanangu hana kosa."

Bi. Sabnis alivua miwani. Nafasi ile ilikuwa bado wazi, akasema, lakini lazima Mrunal apimwe upya. Akapimwa, na hospitali ikathibitisha. Siku waliyorudi kuchukua barua ya nafasi, Bi. Sabnis alimwambia Mama:

"Mama, niliwashuku, na sijutii, maana ukweli ukichelewa huja umevaa nguo za uongo. Ugonjwa haukuwa aibu. Kuuficha ndiko kulikotaka kumnyima mtoto haki yake. Nawe mdogo, mama yako kanisimulia; ukishuku jambo, fanya kama ulivyofanya: uliza nyumbani kabla ya kusimulia njiani."

Jumapili wageni wa posa walikuja. Mrunal aliingia na sinia ya chai, akaketi. Mama, kwa mazoea, akaanza kujisogeza kushoto kwake, lakini mama wa kijana mposaji alikuwa ameshaketi hapo na kuuliza kwa upole, "Chuoni utasoma nini, binti?"

Mrunal hakujibu. Mama alifumbua kinywa, akakifumba.

Ketaki akamwambia mgeni, "Shangazi, njoo ukae kulia kwake, Dada hasikii kwa sikio la kushoto."