Mawe ya Zizini

Haya yalimpata rafiki yangu Drahuše, hapa hapa kijijini kwetu Kamenka, jioni ya sikukuu ya kuwakumbuka wafu, siku ambayo watu huosha makaburi ya jamaa zao. Alikuwa akienda kukamua ng'ombe pamoja na mumewe, naye amejaa hasira. Mumewe, Bohumír, alikuwa amesakafia zizi kwa mawe ya makaburi ya Wajerumani waliofukuzwa kijijini baada ya vita.

“Yarudishe!” Drahuše alimfokea njiani. “Sikamui tena juu ya majina ya watu!”

“Wenyewe wako wapi, mama watoto? Nani atakuja kuyadai?”

“Huna haya hata kidogo!”

Walipofika mlangoni walisikia brashi ikisugua jiwe, taratibu, kwa bidii. Ndani kulikuwa giza totoro, na kufuli lilikuwa bado limefungwa.

“Nani huyo?” Bohumír akanguruma. Brashi ikanyamaza.

Drahuše alifungua, akainua taa. Hapakuwa na mtu. Ng'ombe walikuwa wamejibana ukutani, hawatafuni. Sakafu ilikuwa imeoshwa ikatakata, na mvuke wa maji ya moto ulipanda kutoka kwenye majina.

Bohumír akaingia kwa kishindo, akasimama katikati ya zizi.

“Toka!” alipiga kelele. “Toka nikuone!”

Chini ya viatu vyake, brashi ikaanza tena kusugua.