Picha Iliyofika Mpaka Pweto

Kila asubuhi Domitille hupanga samaki wakavu mezani, mbele ya nyumba yake huko Kamalondo, mtaa wa mjini. Samaki hao hutoka Pweto, mji wa mbali ulio kando ya ziwa. Anayewatuma ni Mwaba, dada wa marehemu mume wake. Binti wa Domitille, Dorcelle, mwenye miaka kumi na saba, humsaidia kufungua magunia, kisha huoga na kwenda shule.

Jumanne moja Dorcelle hakutoka chumbani.

“Dorcelle, saa inafika. Hauende ku masomo?”

“Siende, mama.”

“Uko mugonjwa?”

“Hapana. Lakini siende tena. Hata kesho.”

“Na mutihani ya Leta, ya kumaliza shule? Inabakia wiki tano tu.”

Dorcelle akajifunika shuka mpaka kichwani.

Hapo simu ya Domitille ikalia. Ilikuwa Mwaba, kutoka Pweto.

“Mulamu, nani alitengeneza hii kintu? Banaituma mu grupu yetu ya bauzishaji samaki, banacheka. Miye nilitambua kwanza shati ya kaka yangu. Kisha nikaona ni mutoto wetu.”

Domitille akafungua ujumbe aliotumiwa na Mwaba. Ilikuwa stika, picha ndogo ambayo watu hutumiana kwa mzaha. Dorcelle alikuwa amepiga magoti, kinywa wazi, ameshika shati la baba yake kifuani. Chini yake yaliandikwa maneno: “Alama zangu za hesabu.”

Domitille alikaa chini. Picha hiyo aliijua. Mume wake, Symphorien, alikuwa dereva wa lori la wafanyabiashara wa Kivu. Vita vilipofika Goma mwezi wa Januari, alikuwa huko, na hakurudi. Ilirudi habari tu, kupitia mwenzake. Familia ikafanya kilio bila mwili. Walitandika mkeka, wakaweka shati lake na picha yake, wakalia. Ndugu wengi hawakuweza kusafiri. Kwa hiyo Domitille mwenyewe aliomba picha zipigwe, akaziweka kwenye status ya simu yake ili wote wenye namba yake wazione. Kaburi halikuwapo. Picha ndizo zilikuwa maziko.

Lori hutumia siku nyingi kufika Pweto, na mvua ikinyesha hulala njiani. Picha hii ilirudi kutoka huko kabla chai ya asubuhi haijapoa. Domitille aliitazama simu mkononi mwake kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza.

“Iko tangu Ijumaa,” Dorcelle alisema kutoka chini ya shuka. “Chadrack wa darasa yetu njo alitengeneza. Mu darasa, mutu akipata alama ya mubaya, banamutumia sura yangu. Nikipita, banafungua kinywa hivi.”

Katika mtaa wao, mtu akimwonea mtoto wako, unasimama mlangoni kwake na kusema kwa sauti, majirani wote wasikie. Domitille alifanya vivyo hivyo, ila kwenye simu. Alichukua simu ya binti yake, akaingia grupu la darasa, akatuma sauti ya dakika tatu. Alimtukana Chadrack, akamtukana na mama yake. Kisha akafuta ujumbe wote wa grupu kwenye simu hiyo, pamoja na stika.

“Nimesafisha,” alimwambia Dorcelle.

Kabla ya saa sita mchana, sauti yake ilikuwa imekatwakatwa na kuwekewa muziki. Watoto wa mtaa waliicheza mbele ya meza yake ya samaki.

Domitille alifunika samaki, akaenda kwa jirani yake Lydie. Lydie huchapa sura za marehemu kwenye fulana za kilio. Tena hufundisha vijana wa parokia mambo ya simu.

“Yaya Domitille,” Lydie alisema, akimwita kama dada mkubwa, “hata miye niliisikia ile sauti. Yale matusi ya mbuzi ulitoa wapi?”

Domitille karibu acheke. Kisha akalia, akamweleza yote, hata alivyofuta ujumbe.

“Sikiliza,” Lydie alisema. “Ukijibu matusi, unabapatia kintu ya kutuma. Usijibu. Na usifute. Ulifuta ushuhuda wako wote.”

“Sasa nifanye nini?”

“Mwaba angali na ile stika? Aitunze. Akupigie picha ya simu yake, jina, siku na saa bionekane. Kisha Dorcelle afunge njia ya bale banamuchokoza, na tuwaripoti mu simu yenyewe. Kesho tutaenda kwa prefe, mukubwa wa shule, weye na miye. Kama kungekuwa na vitisho, tungeenda kwa polisi.”

“Na simu yake? Nimunyanganye?”

“Hapana. Ukimunyanganya, siku ingine hatakuambia. Umuulize kama analala, kama anakula. Akisema hapendi tena kuishi, usimwache peke yake, umupeleke kwa muganga wa hospitali siku ile ile. Na kila kintu tutafanya, tumuulize yeye kwanza.”

Kesho yake walikaa mbele ya prefe. Chadrack aliitwa pamoja na mama yake. Alikuwa kijana mwembamba, macho chini.

“Juu ya nini ulifanya hivi?” prefe aliuliza.

“Niliona picha mu status, mu simu ya mama yangu. Niliona tu mutu mwenye kulia sana.”

“Haukuuliza analia nani?”

“Hapana, prefe. Sikuuliza.”

Mama yake akageuza uso ukutani.

Chadrack alipewa adhabu. Lakini Lydie alisema adhabu peke yake haiwezi kuirudisha picha. Kila mwanafunzi arudi pale alipoituma, aombe ifutwe. Dorcelle aliulizwa maneno gani yaandikwe.

“Baseme tu nilikuwa mu kilio ya baba,” alijibu, “na mwili haukurudi. Jina yangu basiandike.”

Wanafunzi wote wa darasa, arobaini na mmoja, wakaanza. Kila mmoja aliandika kwenye grupu zake, na kuwaomba wengine waandike kwenye zao. Majibu yalikwenda kwa mwalimu wao, naye akayapeleka kwenye simu ya Domitille.

Alhamisi yalikuja machache. “Tumefuta. Pole.” Ijumaa yakaja mengi, kutoka Likasi, Kolwezi, Kasungami, hata ng’ambo ya mpaka, Zambia. Mama mmoja aliandika kutoka kambi ya wakimbizi: “Hata wangu hakurudi. Pole, mwanangu.” Wauza samaki wa Pweto walituma sauti moja, watu kumi wakisema pole kwa zamu.

“Zote ni kweli zimefutwa?” Domitille aliuliza.

“Zote, hapana,” Lydie alisema. “Siwezi kukudanganya. Zingine zitabakia. Lakini hazina tena wa kuzichekea.”

Dorcelle alikaa kando ya mama yake, akasoma kimya. Alisoma majina ya watu asiowajua, mmoja mmoja. Hawakuwa wamefika kwenye kilio cha baba yake. Sasa walikuwa wanafika, na hawakwisha.

Jumatatu alivaa sare, nyeupe na bluu, akaenda shule. Wiki nne baadaye aliingia kwenye mtihani.

Jumatatu hiyo Domitille alibaki mezani na simu. Alianza kujibu kila ujumbe, kama mtu anayepokea wageni mlangoni.

“Aksanti kwa kufika,” aliandika. Akapumua, akafungua unaofuata.