Begi la Arnold Chini ya Meza

SAA 4:20 ASUBUHI

"Kila Alhamisi anakula kwenye mgahawa wa Wasalvadori, saa saba," Cleopas alisema. "Meza ya pembeni. Begi analiweka miguuni."

Walikuwa watatu, chumba cha nyuma ya duka la kinyozi, Acocks Green, Birmingham. Cleopas alishakula miaka mitatu jela kwa kuvunja maduka, kwa hiyo mpango ulikuwa wake. Dubow alikuwa na teksi. Kwamboka alikuwa na shida tu: mama yake amelazwa Kisii, hali mbaya, na paspoti ya Kwamboka mwenyewe imo ndani ya begi la Arnold, bosi wake kwenye kazi ya kulea wazee, pamoja na za wenzake kumi na wawili. Arnold alisema anawatunzia. Mwizi mkubwa yule. Na nani angeenda polisi, wakati viza yake iko mkononi mwa bosi?

"Ya Iqra imo?" Dubow aliuliza. Iqra ni mkewe.

"Zote zimo. Kila mtu atapata yake." Cleopas akaweka mezani begi jeusi, pacha wa lile. "Kwamboka, wewe utakula naye. Mwambie unataka zamu zaidi. Arnold haonji kitu bila kuombea, na akianza kuomba hamalizi leo. Akifumba macho, mimi nabadilisha."

SAA 7:06 MCHANA

Pupusa zilifika zikifuka moshi, mikate minene ya mahindi iliyojazwa maharage na jibini, kachumbari ya kabichi pembeni. Kwamboka hakuwa na njaa. Nyuma ya Arnold, Cleopas alijifanya anasoma menyu.

"Hizi ni za kula kwa mkono, kama kwetu," Arnold alisema. "Haya, dada. Leo ombea wewe."

Hili halikupangwa.

Arnold akafumba macho. Kwamboka akayaacha yake wazi. Akaombea chakula, akamwombea mpishi, akaombea Birmingham na barabara zake zote. Cleopas alikuwa amepiga goti, mkanda wa begi umenasa kwenye mguu wa kiti. Maneno yakaanza kumwishia Kwamboka. Arnold akakohoa, ile ya kusema yatosha.

"Na mama yangu, Baba," Kwamboka akasema, na sauti ikamkatika kweli. "Usimchukue kabla sijafika. Nakusihi. Nipe hata siku moja nimwoshe miguu."

Machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kuigiza. Aliona aibu, kuiba huku anamlilia Mungu. Mkanda ukanasuka. Cleopas akaacha lile pacha pale, akatoka na begi la Arnold kwa mlango wa nyuma.

"Amina," Arnold alisema kwa upole. "Atapona. Kula, zisipoe."

Kwamboka alikula mbili. Zilikuwa tamu, na hilo lilimuudhi.

SAA 7:41 MCHANA

Teksi ya Dubow ilimchukua Kwamboka karibu na stesheni. Aliingia nyuma, hata mkanda hakufunga.

"Nipe yangu."

Cleopas alikuwa kiti cha mbele, begi mapajani. Mkono wake ulikaa juu ya zipu. "Zitakaa kwangu kwanza."

"Tulikubaliana, Cleopas."

"Ukienda Kisii, zamu zako atafanya nani? Arnold kwisha. Watu wake sasa ni wangu."

"Dubow, simamisha gari."

Dubow hakugeuka. Mfukoni mwa shati lake ilichungulia paspoti moja, na Kwamboka hakuhitaji kuuliza ni ya nani. Dubow akaongeza sauti ya redio.

"Mama yangu anakufa."

"Pole sana," Cleopas alisema. "Kesho saa moja asubuhi, yule mzee wa Northfield. Usichelewe."