Sekela Aita Darasa Zima

Sekela alikuwa na miaka sita. Jumamosi angetimiza saba.

Aliishi na Mama huko Tukuyu, kwenye vilima vya chai na migomba. Huko mvua hunyesha sana. Wiki ile ilinyesha kila siku juu ya bati lao.
Cha, cha, cha.

Mama aliuza mitumba gulioni. Lakini mvua ikinyesha, gulio hujaa matope. Watu hawaji. Nguo hazinunuliwi.

Jumapili jioni Mama alimwita Sekela jikoni. Alimwonyesha mfuko mdogo wa unga, sukari kidogo, na mayai matatu.

"Hivi ndivyo tulivyo navyo," alisema Mama. "Tutapika keki ndogo. Waite watoto watano. Watano tu."

Sekela akarukaruka. Hakuwa amewahi kukata keki yake mwenyewe. Akahesabu vidole vya mkono mmoja. Watano walimtosha kabisa.

Jumatatu, shuleni, alimwambia rafiki yake Lugano. Akawaambia na wengine wanne. Basi, watano wakatimia.

Lakini Gwamaka alikuwa amekaa nyuma yao, na alisikia.

"Na mimi je?" akauliza.

Gwamaka alikuwa mtoto mpole. Hakuna aliyewahi kumwita kwenye sherehe. Sekela akashindwa kusema hapana.

"Njoo," akasema.
Moyo wake ukadunda. Du, du, du.

Jumanne, wasichana watatu walikuja kwenye dawati lake.

"Na sisi je?"

"Njooni," akasema Sekela.
Moyo wake ukadunda. Du, du, du.

Jumatano, watoto walikuwa wamepanga mstari wa kuchukua uji. Mstari wote ukageuka ukamtazama Sekela.

"Na sisi je?"

Sekela akatazama ndani ya kikombe chake. Uji haukumsaidia.

"Njooni," akasema kwa sauti ndogo.
Moyo wake ukadunda. Du, du, du. Du, du, du.

Alhamisi hakuna aliyeuliza, kwa sababu hakuna aliyebaki. Darasa zima lilikuwa linakuja. Watoto thelathini na wanne, na yeye wa thelathini na tano.

Aliporudi nyumbani, alimkuta Mama anaosha vikombe sita. Vitano vya wageni, na kimoja cha Sekela.

Sekela akafungua mdomo aseme. Akaufunga.
Nitasema kesho, akawaza.

Ijumaa asubuhi akafungua mdomo tena. Lakini Mama alikuwa anajitwisha furushi la nguo, anawahi gulio. Akaufunga.

Ijumaa jioni, ugali haukushuka. Maharage pia hayakushuka. Mama akamshika paji la uso, akamuuliza kama ana homa.

Sekela akatikisa kichwa. Machozi yakaanguka kwenye sahani.
Ti. Ti. Ti.

"Mama," akasema, "nimewaita wote."

"Wote nani?"

"Darasa zima."

Mama akaweka tonge lake chini. Mvua tu ndiyo ilisikika juu ya bati.
Cha, cha, cha.

Sekela aliona afadhali Mama angegomba.

Mwishowe Mama akauliza kwa nini hakumwambia tangu Jumatatu. Sekela akasema aliogopa. Aliogopa watoto wangejua kwamba kwao hakuna vitu vingi.

"Ni kweli hatuna vingi," alisema Mama. "Hilo si kosa, wala si siri. Lakini umenificha mimi. Hilo limeniuma."

"Nisamehe, Mama."

Mama akamfuta pua kwa ncha ya kanga. Kisha akaenda jikoni, akarudi na ule mfuko wa unga. Akauweka katikati yao.

"Unga ni huu huu," alisema. "Tukipika keki, inatosha watoto watano. Kesho asubuhi tutapita nyumba kwa nyumba, uwaambie wengine wasije. Tukipika maandazi madogo, kila mtoto atapata moja. Lakini keki haitakuwepo. Siku ni yako. Chagua wewe."

Sekela akautazama ule mfuko.

Aliitaka keki. Aliitaka tangu mwaka jana. Akafumba macho, akaiona. Ilikuwa ya njano, laini, inatoa mvuke.

Kisha akamwona Gwamaka. Alikuwa amesimama mlangoni kwao, amevaa shati safi. Na yeye, Sekela, alikuwa anamwambia asije.

Sekela akafumbua macho.

"Maandazi," akasema. Sauti yake ilitetemeka. Lakini alisema.

Jumamosi waliamka mapema. Mama alikanda unga. Sekela alisukuma. Unga ulimpaka mikononi, puani, hadi kwenye nyusi.

Mama akatumbukiza maandazi kwenye mafuta.
Chwaaa.
Yakavimba. Yakageuka. Yakawa ya kahawia.

Mama akayahesabu polepole. Yalikuwa thelathini na tano. Hata moja halikuzidi.

Walipanga watoto wakae nje, uani. Lakini saa nane mchana wingu jeusi likashuka kutoka mlimani. Mvua ikaja kubwa kuliko siku zote.
Chaaaa.

Saa tisa ikafika. Ndiyo saa ambayo Sekela aliwaambia watoto. Akafungua mlango, akatazama njia.

Hakukuwa na mtu. Hata Lugano hakuonekana.

Mama akafunika maandazi kwa kitambaa yasipoe. Sekela akabaki mlangoni. Matone yalimrukia miguuni.

"Hawaji," akasema.

"Subiri kidogo," akasema Mama. Lakini na yeye alikuja kusimama mlangoni.

Moyo wa Sekela ukadunda. Du, du, du.

Halafu, mbali kwenye njia, kitu cha kijani kikatikisika.

Lilikuwa jani la mgomba. Jani linatembea.

Nyuma yake likaja jani lingine. Na lingine. Na lingine. Na chini ya kila jani kulikuwa na miguu midogo yenye matope.
Chapa, chapa, chapa.

Walikuwa wanakuja. Wamejifunika majani ya migomba wasilowe.

Wa kwanza kufika alikuwa Gwamaka. Shati lake lilikuwa jeupe kabisa. Suruali ilikuwa na matope hadi magotini.

Watoto wakaingia. Wakakaa kwenye mkeka. Wakakaa juu ya furushi la mitumba. Wakakaa dirishani. Wengine wakasimama, maana pa kukaa paliisha.

Sekela akaanza kuhesabu. Halafu akaacha.

Lugano alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni. Mtoto mwingine alikuwa amewashika wadogo zake wawili mikono. Walisema mama zao walikuwa mashambani, na wadogo hawakuweza kuachwa peke yao na mvua ile.

Mtoto mmoja mdogo sana akanyoosha kidole kwenye sinia la maandazi.

"Na mimi je?" akauliza.

Sekela akamtazama. Akatazama sinia.
Du, du, du.

Safari hii hakukaa kimya. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama, akamvuta kanga.

"Mama," akanong'ona, "wamekuja na wadogo zao. Maandazi hayatoshi."

Mama akamtazama. Akamtazama tena. Kisha akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Asante kwa kuniambia," akasema. "Nipe kisu."

Wakakata maandazi. Mama alikata, Sekela aligawa. Nusu, nusu, nusu. Kila mkono ukapata.

Chai ilikuwa kwenye vikombe sita tu. Vikazunguka chumba kizima. Wewe funda moja, mwenzako funda moja.

Hakuna aliyeuliza habari za keki. Waliuliza kama wataruhusiwa kuimba.

Wakaimba. Wakapiga makofi. Wakaimba kwa nguvu hadi mvua isisikike tena. Waliponyamaza, wakagundua kwamba mvua yenyewe ilikuwa imekwisha.

Wakatoka mbio nje, wakacheza kujificha kwenye migomba. Gwamaka alijificha vizuri kuliko wote. Darasa zima lilimtafuta. Alipotoka alikuwa anacheka, na shati halikuwa jeupe tena.

Jua lilipoanza kuzama, watoto wakarudi kwao. Sekela aliwapungia mkono hadi wa mwisho alipopotea kwenye kona.

Mama akafagia matope. Sekela akakaa juu ya furushi la nguo, akamweleza mambo yote. Nani alianguka. Nani alimeza chai ikapita puani. Na yule mdogo wa Lugano, alivyo...

Mama akasubiri amalizie. Sekela hakumalizia. Alikuwa amelala, mdomo wazi, unga bado kwenye nyusi.

Mama akaweka fagio chini. Akamwinua taratibu, akampeleka kitandani. Akaona kwamba mtoto amekuwa mzito kidogo.

"Ndiyo hiyo miaka saba," akanong'ona. Akamfunika blanketi hadi kidevuni.